Woofer Isiyovuka Ukuta

Haron alimwambia Muzammil, mwenye duka la spika, aongeze sauti ya sinema mpaka mwisho, kisha akatoka nje na kufunga mlango nyuma yake.

Muzammil alibaki peke yake na mlio wa helikopta. Alipochungulia kwenye ujia, alimkuta mteja wake amebandika sikio ukutani, macho kayafumba, uso umemkunjamana.

"Hii pia hapana," Haron alisema. "Inavuma."

Hiyo ilikuwa woofer, spika ya mdundo mzito, ya tano tangu asubuhi, na Jumamosi yenyewe ilikuwa inayoyoma. Maduka mawili ya hapo barabara ya Luthuli yalishamchoka. La kwanza walimwambia waziwazi kwamba anayetaka kusikiliza ukuta akanunue mawe. La pili walizima swichi kubwa wakajifanya stima imepotea. Muzammil alikuwa muungwana kuliko hao, lakini hata uungwana huishiwa.

"Ndugu yangu, watu hukaa mbele ya spika, wewe wakaa nyuma ya ukuta. Wataka nini hasa?"

Haron alijipangusa jasho. Alikuwa karani wa ofisi moja kule Kilimani, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache yalikuwa yakitoka kwa hasira.

"Bibi yangu ako na mimba ya miezi saba. Woofer imemtoa kwa nyumba. Ukuta wa bedroom ukianza kutetemeka, mtoto naye anaanza kuruka huko ndani. Sasa ni wiki mbili ako kwa mamake huko Kinoo. Leo jioni anarudi kujaribu mara ya mwisho. Akisikia huo mdundo tena, anaenda kuzalia huko, na ameniambia harudi."

Muzammil akalegea. Mwanasha, mkewe, alikuwa amejifungua mwaka huo huo, na alijua jinsi mwanamke mjamzito anavyoweza kuchukia hata harufu ya sabuni.

"Basi hili jambo dogo," alisema, akashika kitufe. "Hapa wapunguza sauti."

"Haipunguzwi."

"Isogeze, basi. Itoe kwenye huo ukuta wa chumba cha kulala."

"Haisogezwi, boss. Iko hapo na itakaa hapo."

Muzammil alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Kwani wewe kwako ni mwenye nyumba ama mpangaji?"

"Mpangaji," Haron akajibu, bila kutabasamu.

Muzammil alicheka peke yake. Moyoni alimhurumia mke. Mimba ya miezi saba, na hapa kuna mtu na akili zake ambaye yuko radhi kuzunguka mji mzima badala ya kushusha sauti ya sinema! Alipanda ngazi, akatoa boksi moja kutoka rafu ya juu kabisa, akalipuliza vumbi.

"Tazama. Zile zote zina tundu la kutolea upepo, ndiyo maana zavuma. Hii haina. Yapiga, yanyamaza. Na chini ina miguu ya mpira, kwa hivyo sakafu haisikii kitu."

"Weka ile sinema tena. Pale helikopta ya pili inaanguka, kabla huyo askari hajaanza kuita mamake."

"Lakini huiangalii hata!"

"Naijua kwa masikio," Haron alisema, akatoka.

Helikopta ikaanguka. Ukuta ukatulia. Haron aliweka kiganja, akaweka sikio, mwishowe akaweka paji la uso, akasubiri. Hakuna kilichotetemeka. Tangu asubuhi alikuwa amekasirikia maduka, amekasirikia woofer zote za dunia, na zaidi ya yote amejikasirikia mwenyewe, mwanamume mzima anayeshindwa kumpa mkewe usingizi. Sasa machozi yalimlenga, akayafuta upesi kabla Muzammil hajamwona.

"Nifungie hiyo," alisema.

Alilipa bila kuomba apunguziwe hata kidogo, mpaka Muzammil akamuuliza kama yu mzima.

"Na ukifika, itoe ile ya zamani," Muzammil alimkumbusha akifunga boksi kwa kamba. "Ukiziwasha pamoja umejisumbua bure."

"Itatoka tu. Nani ataweka ya zamani akiwa na mpya?"

Alifika kwake Waithaka saa kumi jioni, boksi begani, shingo imekufa ganzi. Mbele ya mlango wake aliona viatu vya Shiru, mkewe, vimepangwa vizuri, na dirisha lilikuwa wazi.

"Haron, ni wewe?" Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Leo kumetulia, ama?"

Haron aliupita mlango wake, akabisha uliofuata.

Mwenye nyumba, Mzee Mungai, alifungua akiwa na rimoti mkononi. Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia ile kufuli aliyomfungia nje mpangaji wa mwisho aliyelalamikia kelele.

"Nimekuletea zawadi, Mzee," Haron alisema, akilitua boksi. "Ya kubadilisha ile woofer yako ya zamani."

Mzee Mungai alikata kamba papo hapo mlangoni, akaikumbatia woofer kwa mikono miwili.

"Kubadilisha? Ile bado iko sawa kabisa, kijana yangu! Hii tunaiweka hapo kando yake. Na vile zitapiga zote mbili, wewe hata usinunue yako, utasikia kila kitu ukiwa kwako."