Ukuta wa Phoebe

Ukuta ulikuwa mtupu.

Phoebe alishuka kwenye gari la chuo, akatazama nyumba ya mama yake, akadhani dereva amekosea boma. Lakini ng'ombe alikuwa wao, na mpera ulikuwa wao. Likizo nzima ya Agosti alikuwa ameuchora ukuta huo kwa udongo mwekundu, chokaa na makaa: wakata miwa, ndege wa msitu wa Isecheno, nyanya yake na kiko mdomoni. Sasa hapakuwa hata na unyoya. Nyumba ilikuwa imesiribwa upya kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, bado mbichi, inanuka.

Na nyuma yake walikuwa wanashuka waamuzi wawili wa tuzo ya sanaa ya chuo. Walikuwa wametoka Kakamega mjini hadi huku Matungu kwa sababu ukuta haubebeki.

Mama yake, Rachael, naye ndio kwanza alikuwa anaingia bomani kutoka matangani Mumias, begi liko begani. Alitazama nyumba, akatabasamu.

"Hawa akina mama wa kikundi, jamani! Niliwaambia wageni wanakuja, wanifagilie uwanja tu. Kumbe wamesiriba nyumba yote!"

"Mama, huo ndio ukuta waliokuja kuuona!"

Rachael aliketi chini pale pale vumbini. Huku mgeni wa maana akija, nyumba husiribwa. Ndiyo heshima. Nani angewalaumu?

Phoebe alitaka kulia, na si kwa ajili ya tuzo peke yake. Baba yake, Osundwa, alikuwa ametamka mbele ya ndugu zake wote: "Ukishinda, maliza hiyo michoro yako, sitafungua mdomo tena. Ukishindwa, Januari uko Bukura, unasomea kilimo kama watoto wa watu." Na Osundwa akishasema mbele ya ndugu zake, hayo yamekwisha.

Mwenyewe alitokea nyuma ya nyumba, ameoga mapema, amevaa koti la kanisani. Kwa kawaida wageni wa chuo angewanunia. Leo alichangamka ajabu.

"Mulembe, mulembe! Karibuni, walimu!" Akawapa kifundo cha mkono wasalimie, kama mtu aliyetoka kula. Kisha akautazama ukuta, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Pole, mwanangu. Sasa walimu wataangalia nini?"

"Si ungewazuia hao wanawake, Baba Phoebe?" Rachael alifoka. "Wewe ndiwe uliyekuwa nyumbani."

"Mimi? Mambo ya kusiriba nayajulia wapi? Sisi wanaume hatushikangi hiyo kazi. Ukionekana umeishika, utachekwa mpaka siku ya kuzikwa."

Dakta Kibiwott, mwamuzi mkuu, hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amesimama karibu na ukuta mpaka pua inaugusa.

"Phoebe. Picha ulizotutumia zilikuwa na ndege. Na ajuza na kiko chake."

"Ndiyo, dakta, lakini..."

"Umewafuta."

"Si mimi, ni..."

"Nyamaza, usieleze! Kazi ikielezwa inakufa." Alifuata kwa kidole alama za mikono: mipapaso mipana, imepinda ovyo, imepanda hadi chini ya mabati. "Christine, njoo uone! Kila mwaka tunaletewa twiga na machweo. Huyu amechora, halafu amefuta yote. Tazama hapa. Kama mtu aliyekuwa akigombana na ukuta!"

Mwamuzi mwenzake alitazama, akaguna, akatoa simu na kuanza kupiga picha.

"Imesiribwa vibaya tu," Rachael alinong'ona. "Sijui ni nani kati yao alikuwa na haraka hivyo."

Osundwa aliacha kutikisa kichwa.

Ijumaa iliyofuata ukumbi wa chuo ulijaa. Nusu ya Matungu ilikuja: akina mama wa kikundi na leso zao, ndugu za Osundwa na fimbo zao. Jina la Phoebe lilipotajwa, vigelegele vilipaa hadi darini. Alipanda jukwaani, akashika maikrofoni, na maskini, akaona hawezi kula kisicho chake.

"Nilichora ukuta, ni kweli. Lakini mnachokipa tuzo si mkono wangu. Waliosiriba ni akina mama wa kikundi. Wao ndio wenye tuzo."

"Ala! Sisi?" Mwenyekiti wao alisimama. "Sisi tulikuja asubuhi na mafagio, tukakuta nyumba imeshasiribwa. Tukasema, Phoebe huyo. Na tungesiriba sisi, haki ya Mungu, isingekuwa na mabonge vile!"

Watu wakaangua kicheko. Rachael naye akaapa kwamba usiku huo alilala Mumias. Dakta Kibiwott akachukua maikrofoni.

"Basi tusikawie. Kama kuna mwingine aliyefanya kazi hii, asimame sasa hivi, tuzo tuifute. Asiposimama, ni ya Phoebe."

Osundwa alinyanyuka nusu kwenye kiti. Phoebe alimwona kutoka jukwaani. Ndugu za baba yake wakainamisha vichwa mbele wasikie vizuri. Akina mama wa kikundi wakageuka.

"Unasema kitu, Baba Phoebe?" Rachael aliuliza.

"La. Nanyoosha mguu."

Akaketi, akawa wa kwanza kupiga makofi, kwa mikono ambayo tangu alfajiri ya siku ya wageni alikuwa ameiosha kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa mafuta ya taa, na bado ilikuwa inanuka kinyesi cha ng'ombe.