Dakika ya Kumi na Tisa

Kila alfajiri, dakika kumi na tisa baada ya basi la kwanza kuondoka kituoni, mstari wa mchoro kwenye kompyuta ulianguka.

Mi-gyeong alikuwa ameukodolea macho wiki tatu. Kazi yake ilikuwa kutunga hesabu za kuyaelekeza mabasi ya haidrojeni ya jiji la Changwon: lini yatumie umeme wa mtambo wa gesi, lini yatumie wa betri. Mabasi kumi na moja yalitii. La kumi na mbili, la dereva Tak, ambalo ndilo lililotangulia kuondoka kila alfajiri, liliupumzisha mtambo dakika nzima bila sababu, likanyonya betri, kisha likaupanda mlima likihema. Hivyo tangu Oktoba.

"Mashine ni nzima," alisema Noh, mkuu wake. "Ni yule mzee anachezea pedali. Nataka ripoti kesho saa sita mchana. Ukiandika ni yeye, keshokutwa anaosha mabasi."

Kwenye mchoro hapakuwa na mitaa wala nyumba, palikuwa na sekunde tu. Mi-gyeong akaona bora alipande basi lenyewe.

Jioni ile mwanawe wa miezi minane alilitapikia blanketi la njano. Akalifua, akalianika kwenye roshani, akaenda kulala na nywele zinanuka maziwa. Nafuu siku hizi mtoto alilala mpaka kunapambazuka. Kiangazi chote alikuwa akiamka gizani akilia, na nyumba nzima pamoja naye. Mama mkwe alijisifu kuwa ni chai yake ya shayiri iliyomtuliza.

Saa kumi na moja alfajiri Mi-gyeong aliketi nyuma ya Tak, kompyuta mapajani.

"Mhandisi, mbona macho kama samaki wa sokoni?" Tak alimtania. "Kwako hawakulishi?"

"Wananilisha. Ila jana walinichelewesha kulala."

"Pole. Mimi na miaka yangu hamsini na tisa nalala fofofo."

Basi likazunguka, likasimama, likapakia wafanyakazi wa viwandani waliosinzia kabla hawajakaa. Mi-gyeong hakuinua macho kwenye kompyuta. Dakika ya kumi na tisa ilipofika, mstari ukaanguka.

"Bwana Tak, umelegeza mguu."

"Nimelegeza."

"Unajua nikiandika hivyo wanakutoa kwenye usukani?"

"Andika. Si uongo." Tak alishusha sauti. "Huu mtambo ukiukaza hapa unapiga mluzi. Kuna nyumba ina mtoto mchanga. Kiangazi chote nikipita tu, taa inawaka, namwona mama mtu anazunguka naye dirishani. Nikasema, huyu dada atakuja kuanguka kwa usingizi. Siku moja nikapita kwa betri peke yake. Taa haikuwaka. Basi, toka hapo ndo napita hivyo."

"Ni mtu wako?"

"Wangu wapi! Hata sura yake siijui, naona kivuli tu. Ile pale, ghorofa ya tatu, mwisho kushoto."

Mi-gyeong alifuta ukungu kwenye kioo, akatazama juu. Blanketi la njano lilining'inia kwenye roshani. Taa haikuwaka.