Kwa Ajili ya Malkia

Kwa kilomita themanini Punda hakukaa mbele hata mara moja, na Nyundo, aliyekuwa akipigwa na upepo kwa niaba ya wote wawili, alimhurumia.

Walikuwa wawili tu mbele ya mashindano yote. Wanawake wengine mia na ushee walikuwa nyuma, wanafukuza. Katika mchezo huu wa baiskeli anayetangulia ndiye anayepigana na upepo. Anayejibanza nyuma ya gurudumu lake husafiri kama mgeni. Ndiyo maana wakitoroka wawili hupokezana: nivute, nami nikuvute. Ila Punda alikuwa na udhuru, na kwa desturi ya mchezo udhuru wenyewe ni halali kabisa.

"Dada, nisamehe, nimeagizwa nisivute," alisema mapema, kwa adabu zake zote. "Unajua mwenyewe naendesha kwa ajili ya nani."

Nani asiyejua? Malkia. Timu nzima ya Punda iliajiriwa kumpendeza Malkia: huyu amkinge upepo, yule ampe gurudumu lake akipata pancha, na Punda ambebee maji, chupa saba kwa mpigo, nyingine zimeshindiliwa mgongoni ndani ya jezi. Miaka minne kwenye kazi hiyo, ushindi sufuri. Picha zake za jukwaani zilikuwa za mkono wake tu, ukimpa Malkia taulo.

Mtumishi wa aina hii akijikuta mbele, hamsaidii mpinzani kumkimbia bosi wake. Anakaa nyuma, ananyamaza, anamngoja bosi afike ashinde. Nyundo aliyaelewa hayo vizuri, maana ndiyo aliyoyafanya ujana wake wote, akaambulia goti bovu na cheti cha nidhamu.

Leo hakuwa na nafasi ya nidhamu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na meneja alishamwambia waziwazi: ashinde leo, la sivyo mkataba mpya ausahau. Mama mkwe wake alikuwa ameshamtengea kiti kwenye duka lake la magodoro, tena kwa furaha isiyofichika. Nyundo aliliogopa duka lile kuliko mlima wowote.

Basi akavuta. Kocha wake, mtu aliyeendesha baiskeli kidogo na kuihadithia sana, alianza kumfokea kwenye redio kama kawaida yake: tulia, usivute peke yako, ngoja. Kufika kilomita ya kumi na tano Nyundo akakichomoa kile kidude sikioni, akakiacha kining'inie kifuani kipige kelele zake huko. Akili za kuambiwa, changanya na zako. Yeye aliamua zake zinatosha.

Barabara ilikuwa nyembamba na magari ya timu yalizuiwa huko nyuma, kwa hiyo habari pekee zililetwa na pikipiki ya waamuzi, iliyokuja na ubao. Wanaofukuza: sekunde hamsini. Baadaye arobaini. Ubao hauandiki majina, lakini Nyundo hakuhitaji kuandikiwa. Malkia huyo, anakuja. Na Malkia akifikia mita mia mbili za mwisho akiwa pamoja nanyi, ninyi wengine andaeni makofi.

"Bosi wako anasemaje?" aliuliza kwenye kilima cha mwisho, akihema.

Punda aligusa sikio, akasikiliza. "Anasema leo hajatoka hata jasho."

"Kiburi kitamuua huyo."

"Anasema tutaonana kwenye mstari."

"Tutaona!" Nyundo akasimama juu ya pedali na kukanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Maskini binti wa watu, aliwaza. Miguu anayo, ruhusa ya kuitumia hana. Huruma ikamzidi hadi akampa chupa yake ya mwisho ya maji. Punda akainywa yote.

Ilipobaki kilomita moja, ubao ulisema sekunde ishirini na tano. Nyundo akacheka kwa sauti peke yake. Hawatafika tena. Malkia na kiburi chake wamebaki huko nyuma pamoja na wengine wote, na aliyebaki wa kushindana naye ni mbeba chupa.

Mita mia mbili kabla ya mstari, mbeba chupa akachomoka nyuma ya gurudumu lake. Asante ya punda kila mtu anaijua. Nyundo alikanyaga, akatafuta nguvu mahali alipoziweka, akakuta alishazitumia zote. Alishindwa kwa urefu wa baiskeli tatu.

Alikaa chini juu ya lami akalia bila kumwonea mtu aibu. Miaka kumi na sita ya kuamka alfajiri, halafu magodoro! Faraja ilikuwa moja tu: yule binti amemnyang'anya bosi wake ushindi mbele ya kamera, na kwenye timu ile dhambi hiyo haina toba. Kesho naye hana kazi. Nyundo akajifuta uso na kugeukia barabara, maana hasira za Malkia hakutaka zimpite.

Kundi likaingia. Alikagua jezi moja moja, mpaka ya mwisho kabisa. Malkia hakuwemo.

Malkia alitokea upande wa pili, kwenye maegesho ya mabasi, anatembea kwa miguu, kandambili mguuni, nywele zimeoshwa na zimeshakauka.

"Hongera, mdogo wangu," alimwambia Punda, akimkumbatia. "Tangu tumbo linishushe kwenye baiskeli kilomita ya ishirini, sijabandua macho kwenye televisheni. Na huyu dada aliyekuvuta, umemshukuru?"