Hatua Sita za Fundi Cheche

Fundi Cheche alibana kufuli kwenye swichi kuu ya jengo, akalivuta mara mbili, kisha akaliambia, "Leo usiniaibishe."

Ufunguo akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaupapasa kuhakikisha haujatoroka. Alikuwa anajijua. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita aliyewahi kutafuta miwani nusu saa nzima akiwa ameivaa hana haki ya kuamini mfuko usio na kifungo.

Saa tisa kamili mkaguzi alikuwa anakuja kumtahini hapo hapo kazini kwa mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho. Akishindwa, leseni asahau, na kazi zake zote zingeendelea kutiwa saini na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Cheche mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Kila Jumamosi shemeji alikuja na kalamu yake, akamaliza chai kwanza, polepole, ndipo akasaini. Ilimuuma Cheche kuliko shoti zote alizowahi kupigwa.

Mara ya kwanza alianguka kwa sababu ya kufuli. Alikuja nalo, tena zuri, ila lilikuwa la baiskeli ya mwanawe, na ufunguo alikuwa nao mwanawe, shuleni. Mara ya pili testa yake haikuwa na betri. Ikatangaza kwamba nyaya zote zimekufa, naye akaiamini kuliko taa iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa chake.

Safari hii mkewe alimnakilia utaratibu wote kutoka kitabuni, kwa mwandiko mkubwa. "Hatua saba, mume wangu. Usiruke hata moja."

Cheche aliipokea karatasi kwa heshima, akaiweka mezani, akatua kikombe cha chai juu yake. Sasa sehemu ya juu ilikuwa doa tupu. Akahesabu hatua: sita. Akacheka peke yake. Mkewe, fundi cherehani asiyekosea hata nusu inchi, leo kakosea kuhesabu!

Alikuwa amezima tangu saa nane na nusu, ili mkaguzi akifika akute ghorofa zote sita zimetulia. Zima. Funga. Tundika kibao cha "Usiwashe". Akaigusisha testa kwenye nyaya za juu ya swichi, zile zinazoingia kutoka barabarani: ikawaka. Akapima za chini: kimya. Akarudi juu: ikawaka tena. Testa nzima, nyaya zimekufa, Cheche hai. Alitamani mtu amwone.

Aliyemwona alikuwa mama mmoja wa ghorofa ya nne, aliyeteremka mbio na ndala mkononi.

"Baba, kuna mtu huko juu anaomba uwashe dakika moja tu, ame—"

"Mama, nimezika wenzangu wawili kwa sababu ya dakika moja tu." Hilo halikuwa mzaha. "Mwambie hata angekuwa mkaguzi mwenyewe, angesubiri."

"Lakini baba, anagonga—"

"Agonge. Kufuli langu halifunguki kwa kelele."

Yule mama akasonya. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akapanda ngazi akihema.

Cheche akaendelea na kazi. Akatoa swichi ndogo iliyoungua ndani ya boksi, akafunga mpya, akakaza skrubu moja moja kama anayelisha mtoto mchanga. Huko juu kuligongwa kweli, mara tatu tatu. Mafundi bomba, alijisemea, watu wasio na utaratibu. Saa tisa ikafika, ikapita. Mkaguzi hakuonekana. Cheche akaanza kumwonea huruma: mtu mzima, cheo kikubwa, na saa imemshinda! Hiyo nayo angemsimulia shemeji, tena kabla hajamaliza chai.

Saa tisa na dakika ishirini alifunga boksi, akahesabu vifaa vyake, akaupapasa mfuko. Ufunguo ulikuwepo. Akafungua kufuli, akashusha kibao, akawasha. Akaamua kwamba mkaguzi akifika atazima upya na kuanza moja, kwa furaha.

Taa za ukumbi zikawaka. Pampu ya maji ikanguruma. Nyuma yake lifti ikakohoa, ikateremka taratibu, milango ikafunguka.

Akatoka mwanamume aliyelowa jasho, tai begani, viatu mkononi, kitambulisho cha ukaguzi kikining'inia kifuani. Kwa mkono wa pili alishika fomu yenye hatua zote saba, na ya kwanza haikuwa na doa la chai: *Waarifu watu wote. Hakikisha lifti haina mtu.*

"Habari za kazi, fundi," alisema. "Nilifika mapema, saa nane na robo, nikapanda kuangalia jengo. Mimi ndiye yule wa dakika moja."