Pini Laini

Waliokuwapo mezani ni Sikudhani, msanifu wa mitambo ya kuendeshea minyororo ya mizigo, Kombo, mumewe, na mkwewe, Bi Mize, mkono umefungwa bendeji.

Mnyororo wa chakula ulipita jikoni mwa kila nyumba, na sheria ilikataza kuusimamisha. Ndiyo maana mamlaka iliagiza pini laini, ile inayokatika mzigo ukizidi ili mnyororo usimame, ibadilishwe kwa ya chuma kigumu. Asubuhi hiyo mnyororo ulinasa kanga ya Bi Mize, ukamburuta hadi ukutani.

“Nilipiga kelele, mwanangu. Lidude lile halina masikio.”

“Wameahidi kanga mpya,” Kombo alisema.

“Kanga!” Sikudhani alifoka. Nyuma yake sahani za wali zilipita bila kutua. “Sikilizeni. Kesho narudisha pini laini. Ukimnasa mtu, utasimama. Nao wakija kunichukua, msiniombee radhi.”