Njia ya Miguu ni Bure

Kwenye ngazi ya mia tatu Doña Hersilia alisimama, si kwa ajili ya magoti tu, bali kuhakikisha kwamba binti yake na yule kijana bado wameshikana mikono. Walikuwa wameshikana. Akamshukuru Mungu, akaendelea kupanda.

Kijana mwenyewe, Doña Hersilia hakumpenda hata chembe. Wilmer hakuwa mlevi wala mvivu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana hakuwa na pa kumkamatia. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa amepata kazi migodini huko Chile, na wakishafunga ndoa angeondoka na Yolima. Na Yolima ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Mama alikuwa amelia, amefunga, amemwashia mshumaa kila mtakatifu anayemjua, lakini dua la kuku halimpati mwewe. Majirani walimwambia mtoto akililia wembe mpe. Tatizo ni kwamba mtoto mwenyewe ana miaka ishirini na minane, wala haombi tena kupewa.

Kilikuwa kimebaki kilima.

Bogotá nzima inajua: wachumba wakipanda kilima cha Monserrate pamoja kabla ya ndoa, hawaoani kamwe. Binamu yake Leonilde alipanda na mchumba wake, daktari wa meno, mwezi wa kwanza. Kufika Pasaka kila mtu alikuwa ameshika njia yake. Wasomi huicheka imani hiyo, lakini wakishavishana pete ya uchumba, Jumapili hata wao huenda kutembea kwingine.

"Kwa nini kilima, mama?" Yolima alikuwa ameuliza siku kumi nyuma. "Jumapili hata Makumbusho ya Dhahabu hayatozi kiingilio. Au twende tukaendeshe baiskeli, si barabara zinafungwa magari?"

"Nina nadhiri kwa Bwana Yesu Aliyeanguka, kule kanisani juu," alidanganya. "Nataka mnisindikize wote wawili. Sitawaomba kingine."

Vijana walitazamana.

"Sawa, mama," alisema Wilmer. "Ila si Jumapili hii. Ile inayofuata."

Kwa sababu ya magoti, alimwomba pia Don Eliécer amsindikize. Huyu alikuwa fundi saa mstaafu wa nyumba ya pili, aliyefiwa na mkewe zamani, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa. Kila Desemba, kwa miaka minne, alikuwa akimposa Doña Hersilia, na kila Desemba alijibiwa angoje kwanza mambo ya binti yatulie. Mwaka huu jibu lilikuwa tayari moyoni. Yakitulia leo, jioni hii hii angemkaribisha supu na kumwambia ndiyo.

Asubuhi, chini ya kilima, Don Eliécer alikuwa amesimama akiizungusha kofia yake mikononi, macho kwenye lile gari linalopaa kwa kamba hadi kileleni.

"Ninyi tangulieni kwa miguu," alisema. "Mimi nitalipia gari la kamba, nipande peke yangu. Tutakutana juu."

"Peke yako, na nauli yote hiyo? Njia ya miguu ni bure, bwana! Na mimi atanishika mkono nani?"

Don Eliécer aliivaa kofia yake polepole.

"Haya. Umesema wewe, Hersilia."

Akamshika mkono, wakaanza kupanda.

Kwenye ngazi ya elfu moja magoti yaligoma kabisa. Hewa ilikuwa nyembamba, kifua kilimwaka, na watu waliompita walikuwa wakimwambia pole, bibi, pole. Wilmer alirudi mbio ngazi ishirini, akainama mbele yake.

"Panda mgongoni, mama mkwe."

"Sijawa mama mkwe wako."

Kijana alitabasamu, akamtazama Yolima. Badala yake alikwenda kibandani akamletea kikombe cha maji moto ya sukari guru, akamshikia mpaka akamaliza. Doña Hersilia aliona haya. Angekuwa mtu mbaya huyu, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini kurudi chini kulikuwa ni kumpoteza binti, basi akaushika kwa nguvu mkono wa Don Eliécer na kupanda kwa ngazi moja moja, akisukumwa na hofu kuliko miguu.

Walifika kengele za misa zikilia. Alijitupa kwenye ukuta mfupi mbele ya kanisa, mji wote ukiwa chini yake kwenye ukungu. Wamefika pamoja, mkono kwa mkono. Imekwisha, alijiambia, na machozi yakamtoka, ya aibu na ya raha.

Yolima alipiga magoti mbele yake.

"Mama, usikasirike. Siku ile ulipotualika tulijua unataka nini. Tukakiogopa kilima." Alitoa mkono mfukoni. Kidoleni kulikuwa na pete nyembamba ya dhahabu. "Alhamisi tulikwenda kwa msajili wa ndoa, tukaoana. Tumepanda tukiwa mke na mume, kwa hiyo kilima hakituwezi. Tunasafiri tarehe mbili."

Doña Hersilia aliinua mikono. Alitaka kumpiga kofi, alitaka kumkumbatia, na mikono ikakataa yote mawili. Hakukuwa na mtakatifu aliyebaki, wala hila. Alichoweza ni kunyoosha mkono pembeni, autafute ule mkono uliomshika tangu ngazi ya kwanza.

Haukuwepo. Don Eliécer alikuwa amesogea hatua mbili, kofia kifuani, kama mtu aliyesimama mazikoni.

"Ndiyo maana nilitaka kupanda peke yangu kwa gari la kamba, Hersilia," alisema.