Sumni za Bibi Darmi

Harrison aliipapasa bahasha kwanza, kisha akainusa, kisha akakunja uso.

Harufu ya zizi. Bahasha za akina mama wa Kiorma zote zilimnukia hivyo: maziwa ya kuganda, moshi, ng'ombe. Alikuwa na chupa ya sanitaiza pale kaunta, na kila mfugaji akishatoka tu, anajisugua mikono mpaka viwikoni.

Lakini ndani ya hii mlikuwa na vitu vigumu, vya mviringo. Viwili.

Ofisi ile ya vifurushi ya Garsen ilikuwa chumba kimoja, kaunta na mizani. Gari la Malindi lilikuwa halijafika, na Margaret, mwenye ofisi, alikuwa amevuka barabara kununua mahamri. Bibi Darmi, aliyeleta bahasha, ndiyo kwanza alikuwa ametoka, baada ya kusihi kuliko kawaida.

"Isikae juani, kijana. Na dereva asiweke mizigo juu yake. Mtoto yangu Abdirizak anangojea kwa steji huko Malindi."

Harrison hakuhitaji kuambiwa zaidi. Siku hizi pesa hutumwa kwa simu. Wa kutuma sarafu kwa bahasha ni bibi wa Kiorma mwenye mkufu wa sumni za kikoloni, zile za fedha zenye picha ya simba, anayetaka sonara wa Malindi amtengenezee. Na Malindi kulikuwa na sonara mwingine, asiyeuliza maswali, aliyekuwa akizinunua kwa Harrison.

Akaachanisha gundi kwa wembe, polepole. Ndani, kijimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo juu ya fundo. Akakikata. Sumni mbili, nyeusi tii. Fedha ikikaa miaka huwa hivyo. Sonara angezing'arisha.

Akarudisha kijimfuko kitupu, akabandika bahasha. Hapo hapo akasikia ndara za Margaret mlangoni.

Mfukoni haiwezekani. Margaret alikuwa akimpekua tangu watu waanze kuja kulalamika. Viatuni pia haiwezekani. Harrison akazitupa mdomoni, akazisukuma shavuni kwa ulimi. Chungu, halafu chumvichumvi. Akajiambia ni ladha ya madini.

Margaret hakuweka hata mahamri chini. Akaichukua bahasha, akaitikisa. Kimya.

"Nimekutana na Bibi Darmi hapo nje. Ameniambia humu ametia sumni mbili. Ziko wapi?"

Harrison akainua mabega.

"Wewe unajua mabibi wangapi wamelia kwa hii kaunta? Mtu amevishwa mkufu na mamake, mamake amekufa, wewe unauza. Ukinipita hapa mimi nasikia kutapika, haki ya Mungu. Afadhali ungeiba ng'ombe, watu wangekuelewa." Akamsogelea. "Leo nikizipata kwako naita polisi. Na mamako asifunge safari kutoka kijijini Hewani kuja kunililia, maana nitamwambia ni mtoto wa aina gani amezaa."

Akampekua. Mifuko, kola, soksi, viatu. Alitumia ncha za vidole, kama mtu anayeondoa panya aliyeozea kabatini. Hakuona kitu.

Bibi Darmi alikuwa amemfuata Margaret. Akasimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Na mbona huongei?" Margaret akamuuliza Harrison.

Harrison akagusa shavu lake, akafinya uso.

"Jino? Asubuhi si ulikuwa hapa unatafuna muhogo wa kuchoma na kelele zako? Fungua mdomo."

Harrison akatazama mlango. Bibi Darmi alikuwa ameuziba. Akawaza seli ya Garsen, kile kindoo cha pembeni ambacho watu wote humo wanakitumia.

Akameza.

Ya kwanza ilishuka na machozi. Ya pili ikagoma kooni. Akaisukuma kwa mate, akaisukuma tena, ikapita ikikwaruza njia nzima. Ndipo akafungua mdomo, wazi, mpaka kimio kikaonekana. Margaret akamulika kwa tochi ya simu. Meno. Ulimi. Basi.

"Umeridhika, mama?" Sauti ilitoka imepasuka, lakini ilitoka na kiburi. "Labda hata hakuzitia. Hawa wazee husahau. Kila siku Harrison, Harrison. Mimi ni mtu msafi."

Margaret akaiweka bahasha kaunta. Mabega yalikuwa yamemwanguka. Alimgeukia Bibi Darmi bila kumtazama usoni.

"Nisamehe, bibi. Mkufu wako nitaulipa mimi."

Bibi Darmi akajikalisha juu ya gunia la mchele, polepole.

"Mkufu iko nyumbani, haina shida," akasema. "Hizo mbili ndizo mjukuu wangu alikata kwa mkufu, akameza. Daktari wa Malindi alisema kama hazitoki, tulete mtoto apasuliwe. Kama zinatoka, tumpelekee azione kwa macho yake. Sasa zimetoka leo asubuhi, mimi nikatia kwa nailoni vile vile, sikuosha."